Chakula cha Mlangoni

Mjukuu wangu Mwende,

Pokea salamu zangu kutoka Kangundo. Kahawa imechanua vizuri, ila tangu tumzike babu yako mwezi wa pili, nyumba imekuwa kubwa mno.

Umeniuliza, kwa ajili ya masomo yako, kama mimi ningekubali chakula kiletwe na droni kama huko uliko.

Nilipokuwa msichana, mama alinituma na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwa jirani yetu, Mama Ndunge, aliyekuwa amefiwa na mtoto. Niliogopa kilio. Niliweka sufuria mlangoni nikakimbia. Jioni mama alinirudisha huko, tukaikuta haijafunuliwa.

"Mbona hukula?" mama akamuuliza.

"Nile na nani?"

Kwetu, anayemletea mfiwa chakula huonja kwanza, halafu hukaa mpaka mwenyewe ale. Mama alionja, akanipa kijiko nami. Tukakaa naye. Baadaye Mama Ndunge alichukua kidogo, akanitazama. "Haya, wewe mwenye mbio, niletee chumvi." Akala huku machozi yakimtoka.

Basi andika kwamba ningekubali. Magoti yangu hayafiki tena sokoni, na hiyo droni haina kosa. Lakini nisikudanganye. Bado napika chakula cha watu wawili, naonja kidogo, kingine nawamwagia kuku.

Sijui utakuja lini. Ukija, njoo na njaa.

Susu, bibi yako