Kihisi cha Feni Bandani kwa Zainabu

Jumanne, 8 Julai 2025

Kosa la wengi wanaotaka kupima mwendo wa feni ni kuuliza kwanza kipimo kipi ni sahihi zaidi. Swali la kwanza ni hewa. Feni inazunguka katika hewa gani? Nimefundisha hivyo miaka thelathini na moja. Naliandika hapa nisije nikalisahau.

Leo nimepanda Magamba kwa Zainabu, niliyemfundisha fizikia kidato cha pili. Siku hizi analima uyoga katika banda la Sharifu, shemeji yake. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Ndani unyevu ni zaidi – Zainabu hunyunyiza maji mara tatu kwa siku, kuta zinatoka jasho. Uyoga unataka unyevu, lakini unataka na hewa mpya. Hewa ikikosekana, shina hurefuka na kofia hubaki kama kifungo cha shati. Hakuna anayenunua vifungo kwa kilo.

Kwa hiyo feni isilegee. Mizunguko mia tisa kwa dakika. Zao lililopita liliharibika. Sharifu amesema hili nalo likiharibika anachukua banda lake, aweke viazi. Anakuja kuliona Jumanne ijayo.

Nimefunga kihisi cha mwanga. Ni sahihi sana, na nilikuwa nacho sandukuni. Unabandika karatasi ya kung'aa kwenye panga moja kati ya matatu. Mwanga unaipiga, unarudi, kinahesabu moja. Kimesoma 900. Nimemweleza Zainabu kwa saa nzima. Nikiwa njiani nimekumbuka kwamba muda wote ule alikuwa ameshika ndoo ya maji.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Zainabu ananitumia namba kwa simu kama nilivyomwagiza. Asubuhi 1,450. Mchana 1,800. Kwa mwendo huo feni ingeng'oka ukutani, ikafika Lukozi kabla ya basi. Nimemjibu: kihisi kinazoea mahali, subiri.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Asubuhi 900. Jioni 900. Nimemwandikia: unaona, kimezoea. Akajibu: "Asante Mwalimu. Shikamoo."

Mke wangu Evelina amesoma ujumbe akiwa anamenya viazi. Akasema, baba Aron, mtu akikuamkia wakati wa kuaga ana neno amelimeza. Nikamwambia namba ziko wazi. Akasema hakuuliza habari za namba.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimepanda bila kuitwa.

Nusu ya mifuko ya kuoteshea ina uyoga wa shingo ndefu. Kihisi kinasoma 900. Nikasimama mbele ya feni. Nikayaona mapanga – moja, moja, moja. Feni ya mizunguko mia tisa haikuonyeshi mapanga. Inakuonyesha duara la kijivu.

Niliizima, nikapitisha kidole. Mapanga yote matatu yamelowa, yanang'aa kama ile karatasi yangu. Kihisi kilikuwa kinahesabu tatu kwa kila mzunguko. Mia tisa gawanya kwa tatu: mia tatu. Na feni nayo ilikuwa imelegea, kapasita yake, kile kifaa kinachoipa mota nguvu, inakufa. Makosa mawili yalikutana katikati, yakatoa jibu zuri. Hicho ndicho nilichokiita kuzoea. Kihisi hakizoei kitu.

Nikamuuliza Zainabu feni imelegea tangu lini.

"Tangu Ijumaa, Mwalimu. Ilibadili sauti. Inavuta pumzi kama mzee anayepanda mlima." Akanitazama. "Samahani."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwalimu alishasema mia tisa. Ningeanzaje?"

Mwanafunzi asibishane na ubao – hayo nilimfundisha mimi, chaki mkononi.

Nimefunga kihisi cha sumaku. Nacho nilikuwa nacho tangu mwanzo, nikakiona cha kizamani. Kipande kidogo cha sumaku kimegandishwa kwenye kitovu cha feni. Kihisi kimekaa milimita tatu kando, kimezibwa kwa nta, na maungio ya waya pia. Sumaku haijali maji. Kimesoma 304. Namba mbaya, lakini ya kweli.

Fundi wa mjini ana kapasita, ataifunga kesho mchana. Hewa ikirudi, mifuko itachipua tena baada ya siku kumi hivi. Shida ni kwamba Sharifu anafika asubuhi, na atakachokiona ni vifungo.

"Utamwambia nini shemeji yako?"

"Nitasema sikuangalia vizuri."

"Si kweli."

"Mwalimu, yeye alikataa mitambo tangu mwanzo. Nikisema mtambo umedanganya, atauliza nani aliuleta. Mimi kugombezwa na shemeji nimezoea. Wewe watu wanakuamkia."

Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa. Aliniwekea sukari nyingi, kama mgonjwa.

Jumanne, 15 Julai 2025

Nimeamka mapema, nimeandika maelezo kwa ajili ya Sharifu. Mwanga, maji, kuakisi, kapasita. Kurasa mbili na mchoro wa mapanga matatu. Ni maelezo mazuri.

Evelina amesoma hadi mwisho, hata mchoro. Akauliza ni wapi nilipoandika nani alifunga kile kihisi. Nikatafuta. Nimeandika "kihisi kilifungwa".

Nikasema nitaongeza mstari. Akasema Sharifu hatasoma kurasa mbili akiwa amesimama mlangoni na funguo za banda mkononi.

Ni saa mbili kasoro robo. Sharifu anapanda kwa pikipiki kutoka Mnazi, anakolima. Hatakawia kupita kona ya msitu iliyo kabla ya banda.

Kazi yangu ya leo: acha karatasi mezani, kasimame kwenye kona kabla hajapita, umwambie kosa ni lako, si la Zainabu.