Maziwa Hayana Kosa

Matembwe, 12 Februari 2024

Mwanangu Anneth,

Bwana Yesu asifiwe. Kamwene, hujambo huko Makambako? Sisi huku wazima, mvua inanyesha na majani ya chai yanatuzidi mikono. Shangazi yako Feliciana anauliza unakula nini, maana kwenye picha umebaki mifupa.

Wiki iliyopita nilipata kizunguzungu shambani. Zahanati wamesema presha ipo juu kama ya shangazi yako, wakanipa vidonge kama vyake. Daktari alikuwa na haraka, amesema tu vinazuia kalsiamu kwenye mishipa, nimeze kila siku hadi kaburini. Mimi si kuku wa kumeza nisichokijua. Wewe ndiye unayesomea mambo hayo, nieleze. Na usipige simu, kwenye simu unaongea kama unafukuzwa. Andika, umpe Romanus wa lori la mbao.

Baba yako,
Nathanieli


Makambako, 20 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana, nimeshtuka. Mimi mzima, mafunzo kituo cha afya yanakwenda, na mwambie shangazi nakula, jamani!

Sasa sikiliza. Ukuta wa mshipa wa damu umejengwa kwa seli, vitu hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi, ndani ni kidogo mno. Ikiingia, seli inajikaza na mshipa unakuwa mwembamba. Ikitolewa, seli inalegea, damu inapita kwa nafasi. Lakini moshi wa tumbaku na wa jikoni, presha yenyewe, hata umri, vinazalisha mwilini oksijeni ya aina kali, inayokula seli taratibu kama kutu inavyokula jembe. Mwili una kinga yake. Ikizidiwa, milango ya seli inaharibika, kalsiamu inaingia ovyo, na kile kinachoitoa nacho kinachoka. Mshipa unabaki umekaza, presha inapanda, na presha hiyo inaongeza kutu.

Vidonge vinaubana ule mlango. Kutu haviiondoi. Ukiviacha, mshipa unakaza tena, na wa kichwani unaweza kuziba au kupasuka. Hicho ndicho ninachokiogopa, baba. Vimeze. Na kiko chako, tafadhali, kiache.

Mwanao,
Anneth


Matembwe, 25 Machi 2024

Mwanangu Anneth,

Bwana Yesu asifiwe. Hatujambo kabisa. Barua yako nimeisoma, nikamsomea na shangazi yako. Kumbe mambo yenyewe si magumu! Kiko nimekiacha, nashinda nimenuna.

Kisha nikafikiri. Kalsiamu inatoka wapi? Kwenye maziwa. Tulifundishwa hivyo tangu tulipoanza kukusanya maziwa kwa ushirika: kunyweni, yana kalsiamu. Na mimi nimekunywa asubuhi na jioni maisha yangu yote, naijaza mishipa kwa mkono wangu mwenyewe! Ng'ombe nimemwachia jirani Yoramu akamue, mimi tone siligusi. Na kama kalsiamu haiji, kidonge kinazuia nini? Nimeviweka kabatini. Nasikia wepesi, nalala vizuri. Shangazi yako naye ameacha maziwa na vidonge vyake. Kituo cha majani ya chai wananiita daktari.

Nimekucheka kidogo, mama. Umesoma miaka yote hiyo, hili hukuliona?

Baba yako,
Nathanieli


Makambako, 28 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine nitazitoa nikifika. Simu yako imezimwa. Nimempigia Yoramu, akasema umemjibu kwamba kama nina neno niliandike. Haya, naandika: meza kidonge leo, kabla hujaikunja barua hii.

Maziwa hayana kosa. Kalsiamu ya kwenye damu mwili wenyewe unaipima, na usipoila unaichota kwenye mifupa yako. Seli haikazi kwa sababu umekunywa kikombe, wala hailegei kwa sababu umekiacha. Kilichoharibika ni mlango. Na huo wepesi usikudanganye, presha inaweza kupanda bila kukuuma popote.

Mwambie shangazi naye ameze. Jumamosi nakuja na kipimo. Nina hofu, baba. Tangu mama atutoke nimebaki na wewe.

Mwanao,
Anneth


Matembwe, 19 Mei 2024

Mwanangu Anneth,

Bwana asifiwe. Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia. Tangu uliponitoa hospitali ukanirudisha hapa, nakula, vidonge nameza, mguu unaburuzika. Mkono wa kulia bado. Maneno hayatoki.

Barua yako ililetwa Ijumaa Kuu jioni. Kiharusi kilikuwa kimenipiga asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nimeisoma sasa. Ulisema kweli yote.

Shangazi yako alikuambia amerudia vidonge. Hajarudia. Hapa wanasema nimepigwa na maziwa. Siku moja kabla sijaanguka nilikunywa chai ya maziwa kwa Yoramu. Alikuwa na wageni wa Pasaka, nikaona haya kukataa. Feliciana anawaambia watu: mnaona, kikombe kimoja tu! Wengine kituoni nao wameacha vidonge. Mfano wao ni mimi. Nikitaka kuwakatalia natoa sauti tu, wanazidi kunishika bega na kunipa pole. Inaniuma, mwanangu, inaniuma kuliko mkono.

Nimemwandikia shangazi yako karatasi: MEZA. Aliisoma, akalia, akasema ni ugonjwa unaoandika.

Jana hakumaliza kuchuma. Alirudi ameshika kichwa.

Njoo. Romanus akikuleta, usishuke kwangu. Pitiliza hadi kwake.

Baba yako,
Nathanieli