Chumba Kile Kina Mwenyewe

S.L.P. 318,
Nyumbani.
9 Novemba.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu huko kambini kwenu. Natumaini kile kikohozi cha vumbi la barabara mnayoijenga kimekuacha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Goti langu hulalamika nikipanda ngazi, lakini lina adabu kuliko wewe.

Hayo yalikuwa ya kukujulia hali. Sasa nisikilize.

Ratiba ya likizo uliyotutumia nimeisoma mara mbili, nikidhani miwani imenidanganya. Siku tano kando ya ziwa, hoteli ileile, chumba kilekile cha juu chenye kibaraza, ulikokuwa ukienda kila mwaka na marehemu mke wako. Hata saa za chai umezinakili! Ulitaka kumpeleka mkeo likizo, au kumvika nguo za marehemu?

Mkeo aliisoma akiwa bado na sare ya uuguzi, ametoka zamu. Hakupiga kelele. Aliikunja karatasi, akaniambia: "Waende salama, shangazi. Mimi nitaomba zamu za likizo. Chumba kile kina mwenyewe."

Bintiye, Chiriku, hakuelewa. Ana miaka minane na furaha yake haina breki, hivyo siku hiyohiyo alikwisha kupanga nguo begini. Kisha akasimama mbele ya ile picha ya sebuleni, wewe, marehemu na kijana wenu kwenye kibaraza, akamwuliza huyo kijana wako:

"Kaka, tukipiga nyingine, mimi nisimame wapi?"

"Hapana nafasi. Hapo ni pa mama."

"Basi mimi nitawapiga nyie."

Aliyasema bila kinyongo, na hilo ndilo lililonichoma. Baadaye nikamkuta anazitoa nguo begini, moja moja.

Kijana usimguse. Ana miaka kumi na mitatu na analinda kitu kidogo alichobakiwa nacho. Aliniambia jikoni, huku akisugua sufuria iliyokwisha kutakata, kwamba kule hataki kwenda na mtu yeyote, hata wewe. Je, ulimwuliza? Hukumwuliza yeye wala mwingine yeyote. Unaipanga familia kama unavyopanga mawe ya ukingo wa barabara: unavuta kamba, unapima, unaondoka zako.

Kwa hiyo nimepiga simu hotelini na chumba nimekifuta. Usinipigie kuninung'unikia.

Jumapili niliwakalisha wote watatu mezani, nikawapa karatasi moja na sharti moja: pawe mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufika, wewe ukiwemo. Walianza kwa kununiana. Kijana akataka milima. Chiriku akataka treni, popote iendako.

"Treni haina hata bwawa la kuogelea," kijana akamkejeli.

"Kwani mlima unalo?"

Mkeo alicheka mpaka akafuta machozi. Kijana naye akacheka, ingawa uso ulikuwa bado umenuna.

Karatasi yenyewe nimeiweka humu. Ni treni, kisha milima. Mtapanga nyumba yenye vyumba vitatu, wala si viwili. Siku moja utatembea na kijana peke yenu, na asubuhi moja mkeo atalala mpaka achoke kulala. Hakuna atakayelazimishwa kumwita mtu "mama" wala "baba". Mstari wa mwisho ni mwandiko wa kijana wako, nami sikumwambia auandike: "Picha apige mpita njia, tuingie sote."

Usome mstari huo kwa makini. Kisha utie sahihi, uirudishe kabla shule hazijafungwa. Usiongeze neno.

Nisalimie binamu yako Mrefu, na mpishi wenu aliyekuuguza. Mjomba wako fundi saa anakusalimu; naye amekasirika, ila yeye hujua kunyamaza. Mungu akulinde, akuzidishie afya na akupunguzie ukaidi.

Ni mimi nikupendaye, na hasira yangu bado ninayo,

Shangazi yako.