Wifi, Mwaitu Alikuwa Wangu Kwanza

Wifi yangu Kanini,

Tangu binti yako Mwende akuchukue kwenda Nakuru ukauguze nyonga, watu wa chama chenu cha kuhifadhi urithi wamenipigia simu kuliko watoto wangu. Wanataka nijiunge. Mwenyekiti ameniambia wazi kwamba ile nyumba ya mama yangu kule Kabati ikikosa mtu wa ukoo wa kuifungua na kuwaeleza wageni, vyombo vyake vitatiwa kwenye masanduku na kupelekwa mjini, vikae nyuma ya vioo. Nyumba yenyewe itarudishwa kwa familia. Ndugu yangu Kimanzi alishatangulia, watoto wenu wako mbali, kwa hiyo familia ni mimi na mchwa.

"Mwalimu, wewe ndio damu," mwenyekiti aliniambia.

"Damu mmeikumbuka leo?" nikamwuliza.

Nilikaa siku nyingi hapa Matiliku nikijiuliza kama kujiunga kuna faida. Nimeona nikujibu wewe kwanza, na nimekubali barua hii isomwe mbele ya wanachama wote, kwa sababu najua wako wengine wanaojiuliza swali hilo hilo wakiwa wamekaa kimya kwenye viti vya nyuma.

Wacha niseme lililo wazi. Nina wivu nawe. Nilianza kuuona siku ulipoolewa na Kimanzi, na sasa sote wawili tuna mvi, lakini wivu huu magoti hayauumi.

Unakumbuka likizo ile ya kwanza baada ya harusi yenu? Nilitoka chuo cha ualimu na sanduku langu la bati kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikukuta umekaa jikoni kwenye kigoda changu, unachambua muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwenye ungo, na Mwaitu, kama tulivyomwita mama kwa Kikamba chetu, amekaa karibu nawe mnacheka jambo ambalo hamkunieleza. Mwaitu akainua macho akasema, "Kanini, mletee mgeni kiti."

Niligeuka nyuma nione huyo mgeni ni nani.

Ulicheka, wifi. Ulicheka mpaka ukashika mlango. "Aiya, Mwalimu," ukasema, "mgeni ni wewe!" Mwaitu naye akacheka. Nilikunywa maji uliyonipa, nikakurudishia kikombe kama mgeni.

Kwa wale watakaosoma na hawajui mambo ya kwetu, nieleze kidogo. Binti akiolewa, au hata akionekana tu kwamba karibu ataolewa, huhesabiwa kuwa mtu wa njia. Anatoka na kiondo chake, basi. Nyumba ya mama, mafiga yake, jiwe la kusagia, vibuyu na namna ya kuvitunza, vyote humwendea mke wa kitinda mimba. Kimanzi alikuwa kitinda mimba wetu. Kwa hiyo hukuniibia kitu. Ulipewa. Nimewafundisha watoto wa watu historia maisha yangu yote, desturi hii naielewa vizuri sana na naweza kuieleza bila kitabu. Lakini kuielewa hakujawahi kunisaidia.

Halafu ulinipenda, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama ungekuwa mtu mbaya ningekuchukia nikapumzika. Tulikuwa tukienda mtoni pamoja na punda, tunachimba mchanga mpaka maji yajitokeze, na wewe ndiye uliyekuwa ukiingia shimoni huku ukiniambia nikae juu nishike kata. "Chaki haijui kuchimba," ulinitania. "Wewe kaa hapo juu useme Kiingereza, pengine maji itasikia." Kimanzi alipokuwa akikukasirisha, ulinijia mimi kwanza, si mama yako. Na jioni, nikidhani kwamba sasa nimepata mtu wangu mwenyewe katika boma lile, Mwaitu angeita kutoka ndani, "Kanini!" nawe ungeondoka mbio na kuniacha na punda.

Miaka ya mwisho ya Mwaitu ulimwogesha, ulimlisha, ukajua ni upande gani unaomwuma akilala. Mimi nilikuja na machungwa. Ulinipisha nikae kando ya kitanda, ukatoka nje ili tuwe wawili tu, mama na mwanawe. Sijawahi kukwambia kilichotokea. Alinishika mkono akaupapasa, akafurahi sana, akaniita Kanini. Niliitika. Nilikaa pale nikiwa wewe mpaka akalala.

Basi ulipojiunga na chama, na nyumba ikaezekwa upya na kukandikwa, na magari yakaanza kuja Jumamosi, sikuja. Nilisema nina kazi kanisani. Nilisema, tena nilisema kwa sauti ili ufikiwe na habari, kwamba chombo kilichobandikwa kibandiko kimekufa, na kwamba Mwaitu angeshangaa kuona watu wanavua kofia mbele ya mwiko wake. Hayo bado nayaamini kwa kiasi fulani. Lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine: sikutaka kusimuliwa mama yangu.

Na bado nikasimuliwa. Akina mama wa kanisa letu walipanga safari ya Kabati, na kama mwalimu wao wa zamani sikuweza kukataa. Nikaingia katika nyumba niliyozaliwa nikiwa nimefuata mstari. Ulikuwa umefunga kitambaa cha kijani, umenyooka, na sauti yako ilikuwa ya mtu anayejua anachokisema. Uliponiona ulitabasamu ukaendelea.

"Huyu mama alikuwa mpole," ulisema. "Sijawahi kumsikia ameinua sauti. Ona hiki kibuyu. Ilipasuka, akaishona na uzi wa katani. Hakuwa mtu wa kutupa kitu."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Hakuwa wa kutupa? Si alikitupa yeye mwenyewe!"

Wote wakageuka. Nawe, bila hata kutikisika, ukasema, "Huyo ni wifi yangu. Ni mwalimu. Mkisikia anasahihisha msiogope, hawezi kuacha."

Walicheka sana. Mke wa mchungaji wetu alicheka mpaka akatafuta leso.

Lakini nilikuwa nasema kweli. Nilikuwa mtoto mdogo. Baba alitoka kwa binamu yake, akakaa, akaonja uji, akasema kwamba mke wa binamu yake anajua kukoroga uji usiwe na mabonge. Alisema hivyo tu, kwa upole, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Mwaitu alichukua kibuyu chenyewe, na uji wake, akakirusha ukutani karibu na sikio la baba. Asubuhi alinikalisha chini, akanipa kibuyu nikishike kwa magoti, akatia msumari motoni, akatoboa matundu pande zote mbili za ufa. Harufu ile ya kibuyu kinachoungua naweza kuisikia hata sasa. Alishona akiwa amenuna. Alipomaliza akaniambia, "Hili ni letu sisi wawili."

Kwa hiyo nililitunza. Nilikuwa na kitu kimoja cha Mwaitu ambacho wewe hukuwa nacho, wifi, na ulikuwa umesimama pale mbele ya akina mama wa kanisa langu ukikigeuza kuwa mahubiri ya upole.

Tulipokuwa tunaosha vikombe nje, uliniuliza kwa sauti ya chini, "Ni kweli alirusha?"

"Ni kweli."

"Kwa sababu ya mwanamke mwingine?"

"Kwa sababu ya uji wa mwanamke mwingine."

Uliacha kuosha. Nilidhani utacheka. Ukasema, "Miaka hii yote umenificha mama mkwe." Nikaona macho yako, nikajua kwamba nawe una wivu. Hakuna siku niliyowahi kufurahi vile, Mungu anisamehe. Halafu ukaniambia, "Njoo kwa chama useme mwenyewe." Nikakataa. Nilisema siwezi kuwa mgeni mara mbili katika nyumba moja, mara hii nikiwa nimening'iniziwa kadi shingoni.

Sasa nifikie swali, maana wanachama wanaosikiliza wamengoja vya kutosha. Je, kuna faida?

Mkitafuta faida ya mfukoni, rudini nyumbani. Nimeuliza, nimetazama. Kazi ya chama ni kufukuza mchwa, kuchota maji ya kukandikia ukuta, kukaa katika mikutano inayoanza kwa maombi marefu na kuishia kwa ugomvi kuhusu nani alichukua ufunguo. Wako wanaojiunga ili wapigwe picha na wageni. Wako wanaosema tunarudisha mambo ya kale ambayo kanisa lilituondolea, ingawa sijaona ni dhambi gani iliyomo katika jiwe la kusagia. Na ni kweli kwamba huwezi kuhifadhi mtu. Unahifadhi kijiko chake.

Lakini nimefikiri hivi. Wewe ulimpata Mwaitu akiwa ameshaokoka, anaimba kwaya, sauti imeshatulia. Huyo mpole uliyemweleza alikuwepo, sikatai. Nilimwona nilipokuwa nakuja na machungwa yangu. Mimi nilimpata akiwa msichana aliyeolewa juzi, mwenye hasira na mwiko mkononi. Ukibaki wewe peke yako ukieleza, baada ya muda kutakuwa na mtakatifu pale Kabati ambaye hakuna aliyewahi kuishi naye. Nikibaki mimi peke yangu, kutakuwa na mwanamke wa kurusha vyombo. Watu wanaopenda marehemu kwa amani humlainisha. Chama kama hiki kinahitaji pia watu wenye wivu, wasioweza kukaa kimya mwingine akisimulia vibaya. Kwa sifa hiyo, nadhani nafaa.

Mzee wangu aliponiona navaa viatu Jumamosi iliyopita aliniuliza, "Wewe unaenda kujiunga na chama ama unaenda kushinda kesi?"

"Vyote," nikamwambia.

Nimejiunga, Kanini. Kadi wamenining'inizia. Vyombo haviendi mjini. Mwenyekiti amesema mbele ya watu. Niliwafungulia wageni wangu wa kwanza, familia moja kutoka Malili na walimu vijana wachache, nikawaeleza kwa mpangilio mzuri, Mwaitu wangu kwanza, kisha wako. Wako nilimweleza kama ulivyokuwa ukimweleza wewe, hata maneno yako niliyatumia. Nilifika mahali pa kusema ni upande gani uliokuwa ukimwuma akilala, nikagundua sijui. Nikaruka.

Walipokuwa wakiondoka, yule mama wa Malili, ambaye kumbe alishawahi kuja zamani, alinishika mkono kwa heshima. "Mwalimu, umefanya vizuri," akasema. "Lakini yule mama mwingine, yule wa kitambaa, yeye anaeleza kama alikuwa anampenda sana. Ako wapi siku hizi?"

Wifi, niliona kile kitambaa chako cha kijani mbele ya macho. Nikamwambia kwamba ni kweli, yule anaeleza vizuri kuliko mimi, na kwamba Krismasi atakuwa hapa, na tutasimama wote wawili, na yeyote anayetaka kusikia tukibishana aje.

Nimeshasema mbele ya watu. Fanya mazoezi ya mguu kama daktari alivyokuelekeza, na usimwache Mwende akudekeze. Usinitie aibu.

Nakusalimu sana, na Mungu akuimarishe mfupa huo upesi.

Ni mimi wifi yako,
mgeni wa Matiliku.