Kasha la Chuma na Majani ya Mgomba

Shangazi Ednah,

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilipoteza sauti ya marehemu baba yangu, na aliyenipotezea ni mama yangu mzazi. Naomba unisaidie, maana hadi sasa siamini.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Maua, sikufundishwa na mtu, na kitu nikiweza kukitengeneza sikinunui, kwa hivyo laptopu yangu ya zamani ilipokufa niliitoa diski yake, nikatafuta ule waya wa kuiunganisha na kompyuta ya nyumbani kwa USB, halafu nikaiundia kasha la chuma cha unene wa geji kumi na sita kilichobaki kwenye geti la mteja, kifuniko nikakikaza kwa skrubu nane, hakuna upenyo hata wa sisimizi, maana vumbi la Maua unalijua. Humo niliweka video ya baba ya dakika kumi na nne, anaita ng'ombe wake kwa majina na kunigombeza nishike simu vizuri, na kwenye simu nikaifuta kwa sababu nafasi ilikuwa imeisha.

Mama huitazama kila Jumapili. Siku hiyo nilimwacha hapo nikaenda kupima mlango wa jirani, kurudi nikakuta kasha langu limefungwa kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, limekazwa kwa kamba kama kifurushi cha miraa cha kwenda Nairobi, maji yanachuruzika mezani, kompyuta haioni diski tena, na mama ananitabasamia!

"Mutwiri, hiki kidude chako kilikuwa na homa. Nimekigusa kikaniunguza. Nimekituliza."

"Mama, hicho ni kitu cha umeme!"

"Na miraa je? Miaka yote nimeifunga sokoni Laare kwa majani haya haya, hakuna iliyofika imenyauka."

Shangazi, nilimwambia, "Umemzika baba mara ya pili." Alichukua leso yake, akapanda boda hadi kwa dada yake Laare, na simu zangu hashiki. Ndugu zangu wananiona mimi ndiye mnyama. Diski ni yangu, kasha ni langu, hasara ni yangu. Nani amwombe mwenzake msamaha? Usinizungushe. Nijibu katika gazeti la Ijumaa.

Mutwiri, Maua

Wewe Mutwiri,

Pole kwa sauti ya baba, hiyo siifanyii mzaha. Lakini nilipofika hapo pa kuzika mara ya pili niliweka chai chini. Mjane umemwambia hivyo? Diski ni yako, kasha ni lako, na mume alikuwa wa nani?

Wewe fundi, ungemuuzia mteja jiko lisilo na tundu la hewa? Diski inazunguka, inapata joto, inataka kupumua. Uliipika mwenyewe kila Jumapili, na wa kwanza kugundua ni mama. Dawa yake ilikuwa mbaya, homa ilikuwa ya kweli. Na nakala moja tu! Mmeru gani hupanda mbegu zote asibakishe hata debe?

Nimemuuliza fundi wa kompyuta. Usiichomeke tena kujaribu-jaribu, usiianike juani, usiifukie kwenye mchele. Itoe kwenye hilo kasha, uipeleke kwa mtu anayeokoa data, umwambie ukweli wote, pamoja na majani. Anasema huenda kilichokufa ni ule waya tu. Huenda siyo. Sikuahidi.

Ila Laare usingoje diski ipone. Ukienda ikishapona, hiyo siyo toba, ni sherehe. Nenda sasa, sema "nilikosea, mama," ukomee hapo, bila "lakini." Akikukaribisha chai, muulize baba alianza kumwita ng'ombe yupi. Video hiyo ameitazama kukushinda.

Ulitaka jibu Ijumaa, ndilo hili: wa kuomba msamaha ni wewe. Sasa nami nataka langu. Kabla kengele ya kanisa haijalia Jumapili, niandikie neno moja tu. Umefika Laare: ndiyo au la?

Shangazi Ednah