Kichwa cha Kijani Kinamsikiliza Nani

Baba yangu, uliyeniita Mama,

Nakuandikia kabla yaya Kashindi, kaka yangu, hajakufikishia habari kwa njia zake, maana mwanao huyo mkubwa simwamini hata kwa wafu. Unanijua. Ulikuwa ukisema mtoto huyu akiletewa chai anauliza kwanza ni nani aliyeikoroga. Ni kweli, na safari hii nilikuwa na sababu.

Treni yako ndogo bado iko kwenye ile meza ndefu ya chumba cha nyuma, hapa mtaani Kilibula. Mlima wako wa karatasi za mifuko ya saruji haujaporomoka. Wageni bado wanashangaa kwamba mzee aliyeendesha treni za kweli kule Kalemie alistaafu akaja Uvira kuchezea za kushika mkononi. Hawakuwahi kuona ulivyokuwa unafura ukisikia hilo neno kuchezea.

Nakuona umepiga magoti, miwani imeshuka puani, unafuta reli kwa pamba na alkoli ya dawa. Vumbi la barabara na unyevu wa ziwa ulivichukia sawasawa. Ulinifundisha kwamba akili yote iko kwenye dekoda, kile kidude cha ukubwa wa ukucha kilicho ndani ya kichwa cha treni. Kila kichwa kina namba yake, na ukibonyeza namba kwenye kisanduku cha komandi, kilichoitwa ndicho kinachotembea. Changu cha kijani ulikipa saba. Chekundu cha yaya ulikipa tatu.

Mlima ule ulikuwa mkali, kichwa kimoja kikivuta mabehewa yote kinateleza. Basi ulikuwa unavifunga viwili pamoja, kama mlivyofanya kazini, unavipa namba moja ya pamoja, na vinapanda vikisukumana kama ndugu. Ukimaliza unavitenganisha tena, kila kimoja kwenye namba yake.

"Mama, ukizifunga, uzifungue mbele ya kulala," ulirudia kila mara, hata nilipokuwa nimeshakuwa mama wa watu.

Halafu ukaondoka, baba. Nyumba ikajaa wageni wa matanga, yaya akachukua sanduku la vichwa akaenda kulihifadhi kwake, mtaa wa Songo. Siku ya kuondoa matanga baba mdogo akatugawia vitu vyako: mashati, redio, na vichwa vya treni, kila mtoto kimoja, kama mtu anayegawa kuku. Komandi na reli zikabaki kwangu kwa sababu meza haikupita mlangoni.

Jioni hiyohiyo nilikiweka cha kijani kwenye reli nikaita saba. Taa zikawaka. Magurudumu hayakusogea hata unywele.

"Yaya, ulikifungua kichwa changu kule Songo?"

"Miye? Sikugusa kitu!"

"Iko inawaka taa lakini haitembee. Ulitoa dekoda ya baba, ukatia ingine."

Akakasirika, akatoa chekundu mfukoni, akakiweka, akaita tatu. Taa, basi. Nacho kiligoma.

"Unaona? Ni weye umeharibu komandi!"

Unadhani nilimwonea huruma? Nilijiambia: huyu amekiharibu na chake makusudi ili nisimshuku. Akaondoka bila kuaga.

Nilisafisha reli kama ulivyonionyesha. Nikasafisha magurudumu. Nikafungua bodi, lile ganda la juu la kichwa, nikaigusisha mota kwenye betri moja kwa moja, ikazunguka vizuri kabisa. Mota nzima, taa nzima, na kitu hakiendi. Kuna mkono wa mtu hapa, nikasema. Nikamshuku fundi wa simu wa jirani, niliyemwonyesha kile kichwa akakitazama muda mrefu mno. Nikamshuku mke wa yaya, aliyenisalimia sokoni kwa uchangamfu usio wa kawaida. Mwisho nikaenda kwa baba mdogo, naye akaita kikao cha ukoo Jumamosi. Yaya angeulizwa mbele ya wazee kama amemwibia baba yake aliye kaburini. Kwetu neno hilo likishasemwa halirudi mdomoni, na mimi nilikuwa tayari kulisema.

Jumamosi asubuhi umeme uliokuwa umekatika ulirudi. Nikakaa mbele ya meza nikijipangia maneno ya kumshtaki, nikiwasha na kuzima taa za kile kichwa kwa hasira. Ndipo nikakusikia, baba, na ile sauti yako ya kukwaruza: "Taa ikiwaka na mwili ikakataa, usishuku mota. Uliza iko inasikiliza nani."

Dekoda ina vyumba vya kumbukumbu, na kile cha kumi na tisa ndicho kinachotunza namba ya pamoja. Kichwa kikiwa peke yake, humo kuna sifuri. Nikakiweka kwenye reli ya majaribio nikaiambia komandi isome.

Ikasoma kumi.

Saba na tatu. Hakuna mwingine duniani ambaye angetujumlisha hivyo. Nikakirudisha kwenye reli ya kawaida, nikaita kumi, na cha kijani kikaondoka taratibu, kama kilichokuwa kinangoja tu mtu wa kukiita vizuri.

Hakuna aliyeiba kitu. Ile siku ya mwisho ulivifunga viwili, ukavuta mabehewa yote, kikohozi kikakushika tukakubeba kitandani. Sisi tukavigawa vikiwa bado vimefungwa kwenye namba moja.

Nilibakiza kitu kimoja: kuandika sifuri. Changu kingekuwa changu, nisingemhitaji mtu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikakitoa, nikampigia yaya.

"Leta ile kichwa yako."

"Ya nini? Kesi ni saa nane."

"Leta tu, yaya."

Alishuka kwenye pikipiki ameficha mkono ndani ya koti. "Ntaiweka mwenyewe. Weye usiguse." Akakiweka mbele ya changu. Nikabonyeza kumi. Vikapanda mlima vyote viwili, na yaya, mtu mzima yule, akalia kwa sauti. Nami nikalia. Baba mdogo alipoingia na wazee alitukuta sakafuni.

"Kesi iko wapi?"

"Imeisha panda mulima," yaya akajibu.

Lakini bado nina shaka moja. Miaka yote ile hukuwahi kulala bila kuvifungua. Yaya anasema ni ugonjwa ulikusahaulisha. Mimi nakumbuka ulivyogeuka tukiwa tunakubeba, ukaitazama meza, halafu ukatutazama sisi, na hukusema neno lako la kila siku, lile la uzifungue.

Kwa hiyo sasa ninayemshuku ni wewe, baba. Lala salama hukohuko na siri yako. Sifuri sijaiandika.

Binti yako,
uliyemwita Mama