Chama Kisicho na Mkubwa

Jumatatu, 1 Februari 2010
Baridi ya Uswidi, ya kukata masikio. Kutoka nyumbani Rissne hadi kazini Kista, kubadilisha treni Västra skogen, nusu usingizi. Ghorofa ya tatu yangu tayari imesafishwa kabla wahandisi wa ofisi zake hawajafika. Vikombe vyao wanaviacha mezani kama wana mama zao humo ndani.

Habari mbaya. Mama Shukuru wa ghorofa ya nne amepewa barua ya kuachishwa. Mwisho wake ni mwisho wa Machi. Kosa lake: mwenzake wa ghorofa ya tano aliondoka, meneja wa kampuni yetu ya usafi akamwambia abebe ghorofa zote mbili peke yake, akakataa. Bega lake la kulia halipandi. Kila mtu anajua halipandi. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuja, akanionyesha jinsi ya kukamua mopu bila kuua mgongo. Nimekasirika mpaka nimesahau kula.

Jumapili, 7 Februari
Baada ya ibada tumebaki, wasafishaji wote wa jengo letu. Wakongo, Wakenya, Mrundi mmoja. Chama kikubwa cha wafanyakazi tulikipigia simu wiki nzima. Wanasema suala limepokelewa, tusubiri. Mama Shukuru hana muda wa kusubiri.

Mrundi anajua chama kingine, kidogo, chenye bendera nyekundu na nyeusi. Tukakubaliana twende huko. Lakini kwanza tujipange kama watu. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Nimechaguliwa mwenyekiti bila kupingwa. Sikushangaa, akina mama wa kanisa nawaongoza mwaka wa nne huu. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi sana.

Jumamosi, 13 Februari
Chama chenyewe kiko chini ya ardhi, mjini. Ngazi za kushuka, harufu ya kahawa ya jana. Picha za wafu ukutani ni nyingi kuliko wanachama walio hai. Aliyetupokea anaitwa Sten, mzee mstaafu, zamani alikuwa fundi wa kuchapa magazeti. Anajitolea tu. Kofia yake ina beji inayosema hana Mungu wala bwana. Mama Shukuru alipotafsiriwa hiyo beji alimwangalia kwa huruma, akampa sambusa.

Nikauliza nani mkubwa hapa, nimsalimie. Sten akasema hakuna. Nikadhani hakunielewa, nikarudia polepole. Hakuna. Mwenye kazi za ofisini anazishika kwa muda kisha anampa mwingine. Uamuzi ni wa wanaohusika. Mzee mzima, mvi hizo, anakaa nyuma kama mgeni wa harusi asiye na kadi!

Kisha akatupa historia, ndefu, na sambusa zikiisha mkononi mwake. Kwamba miaka mia iliyopita wafanyakazi wa nchi hii waligoma nchi nzima wakashindwa. Kuna waliosema: tumeshindwa kwa sababu wakubwa wetu wenyewe waliuzima mgomo juu ya vichwa vyetu. Wakatoka, wakaanzisha chama chao. Ndani yake wakaingia wanarkisti, watu wasiotaka serikali wala bosi. Hawakuwa malaika. Waligombana. Baadhi walisema chama cha wafanyakazi ni kuomba mnyororo mwepesi tu. Wengine wakajibu kwamba mwanarkisti asiye na chama ni mtu wa maneno mkahawani. Na miaka ikapita, chama kikubwa kikapeana mikono na matajiri kuwe na amani, nchi ikatulia, na hiki kidogo kikabaki na bendera na vumbi.

Nilimuuliza, sasa nani alikuwa sahihi? Akasema amani ile ilimpa yeye likizo, daktari na pensheni, hawezi kuitukana. Lakini kabla ya mikono kupeanwa, hakuna aliyemuuliza baba yake.

Tumeamua: Jumatatu ya kwanza ya Machi, asubuhi, hatuingii kazini. Tunasimama mlango mkubwa na bango, wahandisi wapite mbele yetu. Kampuni imearifiwa.

Neema wangu, binti wa miaka kumi na minne, ameniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake, ikiwa nimejiunga na warusha mabomu. Shuleni wamewafundisha hivyo. Nikamwambia bomu pekee nililoliona lilikuwa kahawa yao.

Jumanne, 23 Februari
Leo meneja amenipigia simu mwenyewe. Ameniita fika, neno la Kiswidi la kahawa na mkate mtamu, ofisini kwake. Ameniita kwa cheo. Mwenyekiti. Amevuta kiti, amenimiminia kahawa kwa mkono wake. Miaka yote hii hakuwahi kujua jina langu.

Anasema hapendi vurugu mlangoni, wapangaji wa jengo watauliza maswali. Anataka mazungumzo. Suala la Mama Shukuru atalitazama. Halafu kuna nafasi ya msimamizi inakuja, na mtu mwenye uwezo wa kuongoza wenzake kama mimi anaonekana. Aliomba kitu kimoja tu: tusisimame mlangoni mpaka Pasaka. Nikaona ni busara. Nikampa mkono.

Nimerudi nikiimba kwenye treni. Watu waliniangalia.

Jumamosi, 27 Februari
Niliingia mkutanoni kama mshindi. Nikawatangazia: nimewapatia mazungumzo, mlango tumeuahirisha mpaka Pasaka. Nilingoja makofi.

Hayakuja. Mama Shukuru akasema kwa sauti ndogo, Pasaka mimi nitakuwa nyumbani.

Aprili. Pasaka ni Aprili mwaka huu! Mimi ninayepanga mpaka maua ya Pasaka kanisani. Sikulifikiria hata kidogo, nilikuwa nafikiria kiti nilichovutiwa na meneja.

Nikamgeukia Sten awaambie wenzangu kwamba neno la mwenyekiti likishatoka limetoka. Akasema si kazi yake kumwambia mtu yeyote cha kufanya. Nikamgeukia katibu, naye akasoma kucha zake. Mbaya zaidi ni kwamba wenzangu wangetii. Niliwaona. Kwetu mwenyekiti akishaahidi, basi. Wakakunja bango, wakavaa makoti, hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenitukana.

Jumatatu, 1 Machi
Siku iliyokuwa ya mlango. Nimepiga deki ghorofa ya tatu. Wahandisi wamepita. Mmoja amenitakia asubuhi njema.

Alhamisi, 4 Machi
Wameletwa vijana wawili kutoka kampuni ya vibarua. Wanafundishwa ghorofa ya nne na ya tano. Na nani? Na Mama Shukuru. Ameambiwa awaonyeshe. Anawaonyesha, kwa upole, hata jinsi ya kukamua mopu.

Kumbe hiyo ndiyo maana ya kulitazama. Meneja alihitaji wiki chache tu, na mimi ndiye niliyempa. Nimejifungia chumba cha ndoo nikalia kwa hasira. Hasira juu yangu, juu yake, juu ya Sten na ukimya wake.

Jumamosi, 6 Machi
Sikwenda chama. Nimekaa dirishani naangalia theluji chafu ya Rissne.

Nimemfikiria baba. Kiwanda cha sukari, mimi nikiwa mdogo. Waligoma kwa sababu ya zamu ndefu. Mama alitupikia uji tu, na tulijivuna, baba yetu yuko kwenye mgomo. Siku moja tumekaa, redio ikasema mgomo umekwisha. Kiongozi wao amekubaliana na wakubwa huko Nairobi. Baba aliizima redio, akatafuta viatu vyake vya kazi. Hakusema lolote, siku ile wala baadaye. Zamu zilibaki vilevile. Nilimchukia yule kiongozi, na sauti yake redioni ilikuwa tamu.

Mimi nimekuwa ile redio. Basi.

Jumapili, 7 Machi
Baada ya ibada nimepanda treni ya abiria mpaka Tumba, kwa Mama Shukuru. Nilitayarisha hotuba njia nzima. Hakunipa nafasi. Alinitilia bugali, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo, akanisukumia maji ya kunawa, tukala. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, anakula kwa kushoto, kitu ambacho mama wa Uvira, kule Kongo, hawezi kufanya mbele ya mgeni kama ana njia nyingine.

Nilipomaliza kula alisema tu: "Ulitaka kutufanyia muzuri, mama. Lakini haukutuuliza."

Nikasema kweli. Nikamuuliza anataka nini yeye. Sikuwahi kumuuliza, tangu Februari. Anataka ghorofa yake moja. Hataki fidia, hataki sherehe. Ghorofa ile anaijua, nayo inamjua.

Jumamosi, 13 Machi
Nimesimama mkutanoni nikasema nang'atuka. Walikataa! Wakaniomba niendelee, eti mtu anajifunza. Nikaona tutazunguka palepale. Nikasema hapana, na asichaguliwe mwingine badala yangu pia. Uenyekiti uzunguke. Kila wiki mtu wa ghorofa moja. Na mwenyekiti asiahidi kitu asichotumwa.

Mabishano ya kutosha. Katibu alisema huo si utaratibu, ni mchezo wa watoto, chama bila kichwa kitaongea na nani? Sten alitaka kucheka nikamkata jicho. Mrundi akasema, tulikuwa na kichwa, na kichwa kikanywa kahawa. Nilistahili hiyo.

Wamekubali. Ijumaa ijayo tunasimama mlangoni. Kumweleza meneja ni kazi yangu, kwa kuwa mkono ulikuwa wangu. Wiki ijayo ni zamu ya ghorofa ya nne.

Jumatatu, 15 Machi
Nimemwambia. Kwamba nilimpa ahadi ambayo haikuwa yangu kuitoa, na wenye ahadi wamekataa. Kahawa haikumiminwa. Kuhusu usimamizi, amesema amekosea kunitathmini. Nikashuka kwa lifti, nikaenda kuchukua mopu yangu.

Ijumaa, 19 Machi
Tumesimama wote, na Sten pamoja nasi. Matope ya theluji mpaka viatuni. Bango limeandikwa Kiswidi na Kiswahili. Vijana wa vibarua walifika, wakasoma, wakageuka wakaenda zao. Wahandisi wengine walipita macho chini, wengine waliuliza. Yule wa asubuhi njema alisimama nasi dakika chache, akaona aibu ya kutojua jina la mtu yeyote, akaingia.

Saa nne meneja akatoka. Anataka mwenyekiti, aingie wazungumze. Alikuwa ananiangalia mimi. Sikusogea.

Mama Shukuru akatoka mstarini. Meneja akasema huyu haiwezekani, huyu ndiye suala lenyewe. Katibu, yule yule wa mchezo wa watoto, akajibu kwamba wiki hii ndiye. Akitaka mwingine asubiri Jumatatu, na sisi tutasubiri naye hapa hapa mlangoni. Meneja alitutazama mmoja mmoja akitafuta kichwa. Mwisho akasema aingie. Tukaingia sote.

Chumba cha mikutano cha ghorofa ya nne. Meza ile Mama Shukuru ameifuta miaka. Akakaa kichwani pa meza, akasema tufungue kwa maombi, kama mkutano wowote. Akaomba kwa Kiswahili, kwa kirefu, akimtaja meneja na familia yake na afya yake. Meneja akainamisha kichwa bila kujua anaombewa nini. Sten akavua kofia yake yenye beji, akaiweka kifuani.

Kisha Mama Shukuru akauliza swali moja kwa Kiswidi chake cha kuchechemea. Ghorofa mbili kwa bega moja, wewe ungeweza? Meneja alizoea kumjibu mtu mmoja mlango ukiwa umefungwa. Mbele ya wote akaomba aletewe barua ile aisome upya.

Barua imefutwa. Anabaki na ghorofa ya nne peke yake. Ya tano ataajiriwa mtu. Baada ya kiangazi, anasema, itabidi tuzungumze upya. Kila jambo tulirudi mezani kuulizana kabla Mama Shukuru hajasema ndiyo, na lilichosha kweli. Sikujua kama uhuru unachosha hivi.

Jumatatu, 29 Machi
Theluji inayeyuka. Mama Shukuru yuko juu yangu, nasikia ndoo yake ikiburutwa sakafuni. Inanitosha.

Jana akina mama wa kanisa wamenichagua tena. Nilipendekeza uenyekiti uzunguke wakacheka, wakasema Waswidi wameniharibu. Nitawauliza tena mwaka ujao.

Mchana nimempigia baba Kitale. Nimemsimulia yote, mlango, maombi, mkutano. Alisikiliza bila kunikatiza, si kawaida yake. Halafu akauliza: "Na kwamba mgomo umekwisha, nani aliwatangazia?"

Nikamwambia hakuna aliyetutangazia. Tulikuwepo.

Nikasikia kuku wake. Kisha akaniuliza kama huku baridi imepungua, nikamwambia imepungua kidogo.